Usiku 2.9, asubuhi 16: je, insulini inanidhuru?

"Daktari, mimi ni mama wa miaka 47, nauza omena soko la Kibuye hapa Kisumu. Nimeishi na sukari miaka tisa. Nilikuwa nameza vidonge, kisha mwaka jana nikaanzishiwa insulini ya kuchanganya, ile ya 30/70 inayofanana na maziwa. Nadunga yuniti 24 asubuhi na 16 jioni. Ya jioni ilikuwa 12, wakaongeza miezi miwili iliyopita kwa sababu asubuhi mashine inasoma sukari 14 hadi 17 (mmol/L). Nadunga saa kumi na moja alfajiri, nakunywa strungi (chai isiyo na maziwa), chakula chenyewe nakula saa nne nikishapanga mali. Jioni nadunga saa moja, tunakula saa tatu. Kuna usiku naamka saa tisa nimelowa jasho, moyo unadunda, nimeota vibaya. Juzi nilipima saa hiyo nikapata 2.9. Nikanywa soda chupa nzima na mandazi manne, kulipokucha ikawa 16.4. Nikiogopa huwa naruka ya jioni. Friji sina, naweka dawa kwa jirani muuza nyama. Chupa moja hunifikisha mwezi na siku tatu nne. Mama mkwe anasema sindano ndiyo kituo cha mwisho, nirudie dawa za miti. Je, hii insulini hainifai ama ni mimi nakosea? Na mwezi ujao tuna mazishi Bondo, nitakaa matangani siku tatu. Nifanyeje?"

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Wengi huniandikia kwamba sukari "inacheza" wakaishia hapo, nami hubaki kukisia. Wewe umenipa saa, yuniti, na hata siku ambazo chupa inachukua kwisha. Sehemu kubwa ya jibu iko humo humo ulimoandika.

Unauliza kama dawa ndiyo mbaya ama wewe ndiye unayekosea. Sioni dawa mbaya hapa, wala simwoni mkosaji. Ninachokiona ni woga, woga wenye sababu, ambao umeingia katikati ya dawa na chakula na kuvuruga hesabu ya kila mtu, ya daktari wako ikiwemo.

Tuanze na chupa. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Umeandikiwa 24 na 16, jumla 40 kwa siku, kwa hiyo chupa inapaswa kwisha siku ya 25. Yako inafika siku ya 33 au 34. Katika siku 33 ulitakiwa utumie yuniti 1,320. Kuna yuniti 320 ambazo hazikuingia mwilini, na kama zote ni za jioni, hizo ni dozi 20 kati ya 33. Uliposema "nikiogopa huwa naruka", nilidhani ni mara moja moja. Chupa inasema jioni unazoruka ni nyingi kuliko unazodunga.

Sikugombezi. Mtu aliyeamka saa tisa usiku akitetemeka, watoto wamelala, hajui kama atafika kwenye meza ya sukari, hana haja ya kuambiwa na mtu yeyote kwamba woga wake ni ujinga. Lakini angalia kilichofuata. Kliniki waliona 14, 16 na 17 kwenye daftari lako wakadhani 12 za jioni hazitoshi, wakaongeza hadi 16. Mimi pia, kama ningekuwa nimekaa kwenye kiti kile bila kujua habari za kuruka, ningeongeza. Sasa usiku unapodunga, unadunga dozi iliyopangwa kwa kuangalia asubuhi ambazo huenda nyingi zilitoka kwenye usiku usiodunga. Lazima ikushushe. Ikikushusha unaogopa zaidi, unaruka zaidi, asubuhi inapanda zaidi. Hapo ndipo ulipo.

Kwa hiyo asubuhi zako za 16 si za aina moja. Kuna ile iliyotanguliwa na usiku usio na insulini kabisa. Hiyo haina fumbo. Ini ni ghala la sukari, na usiku kucha linatoa kidogo kidogo ili ubongo usilale njaa. Insulini ndiyo mwenye ufunguo wa ghala hilo. Asipokuwepo, mlango unakaa wazi, na kuelekea alfajiri mwili wa kila binadamu hutoa homoni za kumwamsha ambazo huongeza sukari zaidi. Mtu asiye na kisukari kongosho lake linalimudu jambo hilo bila yeye kujua. Wewe unaamka na 15 hata kama ulilala na njaa.

Kisha kuna asubuhi kama ile ya juzi. Ulishuka hadi 2.9, mwili ukapiga kamsa. Jasho, moyo kudunda, ndoto mbaya, hiyo yote ni adrenalini na wenzake wakiliambia ini limwage sukari haraka. Hapo hapo ukaongeza soda nzima na mandazi manne. Soda ya mililita 300 peke yake ina sukari kama gramu 30, mara mbili ya ulichohitaji, na mandazi yakaja nyuma taratibu kwa sababu ya mafuta yake. Kupata 16.4 baada ya hapo ni hesabu ya kawaida tu.

Hapa nisahihishe jambo ambalo hata baadhi yetu tulifundishwa hivyo: kwamba sukari ikiwa juu asubuhi, basi ilishuka usiku ikaruka yenyewe. Hutokea, ila tangu vilipokuja vile vifaa vinavyobandikwa mkononi na kupima sukari mfululizo, tumeona kwamba asubuhi nyingi za juu hazikutanguliwa na kushuka kokote. Mara nyingi ni insulini iliyokwisha nguvu kabla ya kucha, au haikuwepo. Ndiyo maana nambari ya asubuhi peke yake haiwezi kumwambia mtu aongeze dozi au apunguze. Kipimo cha saa tisa usiku ndicho kinachosema, na wewe ulikuwa na akili ya kukichukua.

Sasa saa zako. Insulini hiyo ya maziwa ni dawa mbili kwenye chupa moja. Asilimia 30 ni ya haraka: inaanza kazi baada ya nusu saa hivi, inakuwa kali kati ya saa mbili na nne baada ya kudunga, inaisha baada ya saa sita hadi nane. Asilimia 70 ni ya polepole: inaanza baada ya saa moja au mbili, inakuwa kali zaidi kati ya saa nne na nane, hata zaidi kwa watu wengine, kisha inafifia. Ukishaidunga hairudi nyuma. Itafika kileleni chakula kiwepo kisiwepo.

Weka hayo kwenye siku yako. Unadunga saa kumi na moja alfajiri. Ile ya haraka inakuwa kali kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, wakati wewe unashusha magunia na tumboni mna strungi tu. Nashuku strungi hiyo ina vijiko kadhaa vya sukari, na pengine ndiyo imekuwa ikikuokoa. Hukuniambia kama unatetemeka au unakuwa mkali kwa wateja saa tatu asubuhi. Pima siku mbili tatu saa hiyo, kisha angalia. Jioni unadunga saa moja, chakula kinakuja saa tatu. Kwa saa mbili nzima dawa iko mezani inangoja. Ile ya polepole nayo inafika kileleni kati ya saa tano usiku na saa tisa, wakati ugali umeshayeyuka na wewe umelala. Saa tisa, Mama. Saa ile ile unayoamka umelowa.

Insulini hii hudungwa nusu saa kabla ya chakula ambacho unakiona kwa macho yako. Ugali uwe umesongwa au maji yawe yanachemka. Kama bado mtoto ametumwa dukani kununua unga, ngoja. Kwa alfajiri, naona njia nyepesi ni kula kabla hujatoka: viazi vitamu viwili vilivyochemshwa jana yake na yai, au nduma, ukiwa umedunga kabla hujawasha moto wa chai. Najua utasema hakuna anayesikia njaa saa kumi na moja. Basi uamuzi mwingine ni kuuliza kliniki kama dozi ya asubuhi inaweza kusogezwa. Kudunga ukaenda sokoni na chai tupu, hapana.

Nikupe namba ambazo nataka ziwe kichwani mwako. Chini ya 4 sukari imeshuka, hata kama hujisikii vibaya. Chini ya 3 ni hatari. Ikishuka, dawa ni sukari yenyewe: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, koroga, kunywa. Au nusu ya soda ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Kisha kaa chini dakika 15. Hizo dakika 15 ndizo ngumu kuliko sindano, kwa sababu mwili unakuambia kula, kula, kula. Pima tena. Kama bado iko chini ya 4, kunywa tena sukari kiasi kile kile. Ikishapanda, kula kitu cha kukushikilia, kipande cha mkate na maziwa au ndizi moja, ulale. Mandazi, chapati na chokoleti si za kuokolea mtu, mafuta yanachelewesha sukari iliyomo kufika kwenye damu.

Weka sukari hiyo ikiwa imeshapimwa kwenye karatasi ya nailoni kando ya kitanda, pamoja na chupa ya maji. Nyingine kwenye mfuko wa aproni yako ya sokoni. Na mwambie jirani wa kibanda. Nimeona mama aliyeshuka sukari sokoni akadhaniwa amelewa, mwingine wakasema ni kifafa, na muda wa kumsaidia ukapita watu wakishangaa. Jirani yako ajue hivi: akikukuta unaongea ovyo lakini unaweza kumeza, akupe maji ya sukari. Akikukuta umezimia, asikutie chochote mdomoni, akulaze ubavu na atafute gari la hospitali mara moja.

Bado una bahati moja, kwamba unaamka. Mtu anayeshuka mara kwa mara hufika mahali ubongo unazoea, kamsa haipigwi tena, anapita 3 bila jasho wala tetemeko. Dawa fulani za presha na moyo, kama propranololi, nazo huficha tetemeko na moyo kudunda, ingawa jasho hubaki. Habari njema ni kwamba ukikaa wiki kadhaa bila kushuka, kamsa hurudi. Hii ndiyo sababu nitakuambia jambo litakalokushangaza: kwa sasa usiikimbilie ile 16. Tuondoe kwanza ile 2.9. Ukiacha kushuka utaacha kuruka, na ukiacha kuruka nusu ya zile 16 zitaondoka zenyewe.

Hilo linafanywaje? Kesho asubuhi piga simu kliniki yako au nenda, usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Waambie maneno haya: nimekuwa nikiruka dozi za jioni, na ninapodunga 16 nashuka usiku. Mtu akishuka usiku bila sababu ya wazi, kwa kawaida tunapunguza dozi inayohusika kwa asilimia 10 hadi 20, ambayo kwako ni yuniti mbili au tatu, na kwa 2.9 wengine watakurudisha kwenye 12. Watakaokuona ndio watakaoamua, kwa sababu wana daftari na majibu ya figo zako, mimi sina. Ninachoweza kusema nikiwa huku Nakuru ni kwamba 16 bila kupima usiku si salama, na sifuri pia si salama. Kabla ya kulala, pima. Ikiwa chini ya 6, kunywa kikombe cha maziwa na kipande cha mkate.

Figo nimezitaja makusudi. Insulini husafishwa na figo kwa sehemu kubwa, na figo zikianza kuchoka dawa inakaa mwilini muda mrefu. Mtu wa miaka tisa ya kisukari ambaye dozi yake ya zamani imeanza kumshusha anahitaji kupimwa damu na mkojo kwa ajili hiyo. Kama hujapimwa mwaka huu, omba.

Kuna mambo matatu ya mikono ambayo lazima yaangaliwe kabla mtu hajabadilisha dawa, na hayo matatu huwa nayaona yakisahaulika hata hospitali kubwa.

La kwanza ni mahali unapodunga. Ukiwa unaoga, na sabuni iko mwilini, pitisha vidole polepole tumboni pande zote mbili za kitovu, kisha mapajani. Kuna mahali panapopanda kama mto mdogo, laini au pagumu kama mpira? Hilo ni vimbe la mafuta linalotokana na kudunga pale pale kila siku, na watu hupapenda kwa sababu hapaumi. Lakini dawa ikiingia hapo inanasa. Leo inatoka nusu, kesho inatoka yote kwa mpigo. Ukilikuta, usidunge hapo kwa miezi kadhaa, hama upande na uache upana wa kidole kati ya tundu la jana na la leo. Angalizo kubwa: ukihamia ngozi nzima dozi ile ile inaweza kukushusha vibaya, kwa hiyo waambie kliniki siku unayohama.

La pili ni kuchanganya. Chupa hiyo ukiiacha imesimama, unga mweupe hutulia chini na maji hubaki juu. Ukivuta bila kuchanganya, siku za mwanzo unapata aina moja ya dawa na siku za mwisho nyingine. Ilaze katikati ya viganja uibiringishe mara kumi kama unayesokota kamba ya mkonge, kisha ipindue juu chini mara kumi. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Iwe nyeupe sawasawa. Ukiona chembe zinazoelea, au weupe ulioganda kwenye kioo kama umande wa barafu, dawa hiyo imekufa. Angalia pia sirinji: kwenye nyingi za mililita moja kila mstari ni yuniti mbili, kwenye zile ndogo za nusu mililita kila mstari ni yuniti moja. Mtu akipewa aina moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, anaweza kukosea mara dufu bila kujua. Beba sirinji yako na umvutie muuguzi 24 mbele ya macho yake.

La tatu ni friji ya muuza nyama, na hapa nilishtuka kidogo. Friji ya nyama kazi yake ni kugandisha. Insulini iliyoganda hata mara moja, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri, ni ya kutupa. Akufungulie uone imewekwa wapi. Chupa ambayo hujaifungua inataka nyuzi 2 hadi 8. Ile unayotumia haihitaji friji kabisa. Iweke nyumbani, mbali na jua na jiko, na uandike tarehe uliyoifungua. Kwa joto la Kisumu, chukua chungu kidogo cha udongo ukiweke ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga uliolowa, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Dawa ifunge kwenye nailoni isilowe. Kule Dagahaley, kwenye kambi za Dadaab, watafiti walipima joto la nyumbani linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaijaribu insulini katika joto la namna hiyo wakakuta imedumisha nguvu zake kwa wiki nne. Basi kwa wiki nne tuliza moyo. Ila chupa yako inavuka wiki nne, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka iishe siku ya 25 kama ilivyoandikwa.

Chakula sitakihubiri sana, maana wauza omena wanakula vizuri kuliko tunaoshinda ofisini. Omena, osuga (mnavu) na mrenda havipandishi sukari kiasi cha kukuhangaisha. Kinachohesabiwa ni ugali, na ugali wa wimbi nao ni ugali. Una nyuzinyuzi zaidi, unapanda polepole kidogo, lakini watu wakishasikia "wimbi ni ya wagonjwa wa sukari" wanakula mlima. Kwa mtu anayedunga dozi isiyobadilika, kitu cha maana ni kipande cha leo kufanana na cha jana. Kipime kwa ngumi yako. Siku ukibeba magunia zaidi au ukienda kulima, misuli inakunywa sukari siku hiyo na hata usiku wake, kwa hiyo pima kabla ya kulala bila kukosa. Pombe, iwe bia au chang'aa, hulifunga mikono ini lisiweze kukuokoa usiku.

Malaria tusiisahau, mko kando ya ziwa. Malaria yenyewe inaweza kushusha sukari, na homa kwa upande wake huipandisha, kwa hiyo siku za ugonjwa pima kila baada ya saa nne hivi. Usiache insulini eti kwa sababu hujala. Dozi inaweza kupunguzwa, lakini kuiacha kabisa ndiko kunakowaleta watu hospitali wakipumua kwa nguvu na harufu ya matunda yaliyooza mdomoni. Na popote utakapotibiwa, neno lako la kwanza liwe: ninadunga insulini.

Sasa njia zilizopo mbele yako, maana utaulizwa. Kubaki na hii ya 30/70, ukirekebisha saa na dozi, ndiko kwa bei nafuu na ndiko ningeanzia. Udhaifu wake ni kwamba inakudai ule kwa saa, kila siku. Njia nyingine ni kutenganisha ya jioni: ile ya haraka na chakula, ya polepole wakati wa kulala, ili kilele chake kisogee karibu na alfajiri. Ni sindano moja zaidi na chupa mbili za kutunza. Ipo pia insulini ya siku nzima isiyo na kilele kikali, kama glargine, ambayo hushusha watu usiku mara chache zaidi, lakini ni ghali na haipatikani kila mara kwenye famasi ya hospitali. Dawa bora unayoikosa wiki mbili kila mwezi si bora. Kuna na mpango wa sindano nne kwa siku, mzuri sana kwa mwenye stripi za kutosha kupima mara nne. Kwa mtu anayenunua stripi kwa kuhesabu sarafu, sioni.

Kuhusu hizo stripi, pima kwa mpango. Wiki hii: siku mbili kabla ya kulala na saa tisa usiku na asubuhi yake, siku mbili nyingine saa tatu asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Ni stripi kumi. Osha mikono kwa sabuni kwanza, maana kidole kilichoshika embe hudanganya mashine. Tofauti ya 9.2 na 10 isikunyime usingizi, mashine zenyewe huruhusiwa kukosea kwa asilimia 15. Kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, nacho kina ubaya wake huko magharibi mwa Kenya: kwa mwenye seli mundu au upungufu wa damu kinaweza kudanganya. Kama nyumbani kwenu kuna seli mundu, sema.

Kwa Mama mkwe, usibishane naye. Mwambie pole pole kwamba insulini si kituo, ni kitu ambacho kongosho lako lilikuwa likitengeneza lenyewe kwa miaka 38 na sasa limechoka. Ameona watu wakipofuka na kukatwa miguu baada ya kuanza sindano, na hakudanganya. Wengi wao walianzishwa wakiwa wameshachelewa, sukari imekula mishipa miaka kumi, sindano ikaja ikabeba lawama. Mwarobaini na mlonge vina uchungu, lakini uchungu hauchukui nafasi ya insulini. Mbaya zaidi ni kuvinywa kimya kimya huku unadunga, maana baadhi ya miti huweza kuongeza kushuka.

Usingoje hata kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo, ukishuka chini ya 3 mara mbili ndani ya wiki, ukizimia au ukihitaji mtu mwingine kukuinua, ukitapika na huku sukari iko juu ya 15, au ukipumua kwa haraka na tumbo likiuma. Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ni karibu na wewe kuliko wengi wanaoniandikia.

Na Bondo. Nenda ukazike. Dawa na mashine vikae kwenye mkoba wa mapajani, visiwekwe kwenye buti la matatu wala juu ya dashibodi penye jua. Beba sirinji za siku tano ingawa unaenda tatu, na sukari yako iliyofungwa. Matangani chakula huja saa kinapotaka, na usiku watu huimba hadi kuche. Kwa hiyo huko usidunge kwa saa, dunga sahani ikiwa imeshafika mkononi. Ukichelewa kwa nusu saa ile, sukari itapanda kidogo baada ya kula, na kwa siku tatu hilo si kitu. Ukikesha, pima saa sita na saa tisa. Ukifika tu, mtafute anayesimamia masufuria, umwambie unadunga insulini na unahitaji kula mapema. Kwenye boma la wafiwa hakuna mpishi atakayekuuliza mara mbili.